Jibu: Kanzu zinaungua kwenye picha nyeusi na nyeupe
Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, ukipiga vichochoroni hapa Lamu kanzu inatoka nyeupe tupu haina hata mkunjo, na uso wa mtu giza. Cheki kwanza kamera inapima mwanga wapi, maana kichochoro chote ni kivuli na kanzu ni kipande kidogo tu, sasa kamera inadanganyika inazidisha mwanga. Mimi nashusha ile +/- ya kuongeza na kupunguza mwanga mpaka -1, napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, giza utalivuta baadaye kwenye kompyuta ila nyeupe ikishaungua ndo basi hairudi. Uso nao, ngoja mtu afike penye ukuta wa chokaa unaopigwa jua upande wa pili, ule mwanga unamrudia usoni. Saa sita mchana usijisumbue. Mi hukaa uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome alasiri, juzi nimengoja karibu saa nzima nikapata punda kabeba mifuko ya simiti na katoto nyuma kameshika mkia, basi, picha moja tu na nimeridhika. Na kina mama wa buibui usiwavizie, amkia uombe kwanza, mimi nilishafokewa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na nilistahili.