Neno «kazi» linapoulizwa Lubumbashi: kwa wadogo zangu wanaoanza utafiti wa elimu na ajira

Wadogo zangu mnaoanza kuhoji kaya kwa ajili ya tafiti za uchumi wa elimu na ajira hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ninawaandikia jambo ambalo mimi nilijifunza kwa kurudia kazi ya siku nyingi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mama mmoja wa komuni ya Katuba, aliyekuwa ameketi mbele ya nyumba yake nyuma ya meza ya unga wa mahindi, makala (yaani mkaa) na chumvi. Nilimwuliza kama anafanya kazi, naye akajibu bila kusita: «Shina kazi, niko nauzisha tu», yaani sina kazi, ninauza tu. Nilipokuwa naandika jibu hilo alisimama mara mbili kumpimia mteja unga kwa kopo na kumrudishia chenji, kisha akaketi tena ili tuendelee. Niliweka alama kwenye kisanduku cha «hana kazi», na nikawafanyia hivyo wauzaji wengine wote niliokutana nao wiki ile.

Mama yule hakunidanganya. Mji huu umekua kwa migodi, tangu enzi ya kampuni ya Union Minière hadi ile ya Gécamines, na watu wake wamezoea kuita kazi ile yenye mwajiri na mshahara wa kila mwezi. Mengine yote ni kujitafutia. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ni kingine: mtu aliyefanya shughuli ya kujipatia kipato japo kwa saa moja katika siku saba zilizopita ana ajira, na asiye na ajira ni yule ambaye hakuifanya hata saa hiyo moja, akatafuta kazi, na yuko tayari kuianza. Tangu mwaka 2013, anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake hahesabiwi tena kuwa ana ajira, kwa hiyo mkulima wa pembezoni mwa mji lazima aulizwe mavuno yanakwenda sokoni au jikoni.

Kosa langu lilikuwa na uzito, kwa sababu takwimu zile zilikusudiwa kuonyesha mwaka mmoja wa shule unamwongezea mtu kipato kiasi gani, kwa mlinganyo unaoitwa kwa jina la mchumi Jacob Mincer, ambao huoanisha logi (logariti) ya kipato na miaka ya masomo na ya uzoefu. Ukiwaondoa wauzaji, hesabu inabaki na walimu, makarani na wafanyakazi wa migodini, na jibu linalotoka linawahusu watu wachache, ilhali sera inaandikwa kwa ajili ya mji mzima. Tulirudi kwa kila kaya. Safari hiyo hatukuuliza tena «unafanya kazi?», bali tuliuliza kama katika siku saba zilizopita mtu aliuza kitu chochote, alisuka nywele, alibeba mizigo au alimsaidia ndugu dukani, hata kwa saa moja.

Swali la elimu nalo lina mtego wake. Mtu akikuambia alifika «ya sita», usiandike kitu mpaka umwulize ni sita ya shule ya msingi au ya sekondari, kwa maana katika mfumo wa zamani zote mbili zilikuwapo na kati yake kuna miaka sita kamili. Waliosoma baada ya mageuzi ya sheria ya 2014 wanahesabu darasa la saba na la nane la elimu ya msingi, kisha miaka minne ya humanité, yaani sekondari inayofuata. Njia salama ni kuuliza pia kama ana diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na aliipata mwaka gani.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: andikeni daima kama kiasi ni faranga au dola, pamoja na tarehe, na kwa mwajiriwa mtenganishe mshahara alioahidiwa na ule aliopokea mkononi.

Wengi wenu mtapenda kuchunguza elimu ya bure ya shule za msingi za umma, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, na ninawatia moyo mfanye hivyo, kwa sababu Katiba ya 2006 iliiahidi na wazazi waliingojea miaka mingi huku wakichangia prime (nyongeza ya mshahara) ya walimu kutoka mifukoni mwao. Lakini msilinganishe tu kabla na baada. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata mwaka wa kwanza wa masomo haujaisha, na mambo hayo mawili yatachanganyika katika takwimu zenu. Tazameni jinsi mchumi Esther Duflo alivyochunguza Indonesia, ambako serikali ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 katika miaka ya 1970: aliwalinganisha waliokuwa na umri wa miaka 2 hadi 6 mwaka 1974 na waliokuwa wamekwisha kupita umri wa shule ya msingi, katika wilaya zilizopata shule nyingi na zilizopata chache. Kwetu tofauti ya namna hiyo inaweza kutafutwa katika ada za zamani, kati ya shule zilizokuwa zikitoza nyingi na zile zilizotoza kidogo, na ndiyo maana ninawasihi mkusanye kumbukumbu za ada hizo kwa wakuu wa shule kabla makaratasi hayajapotea.

Hapo pia sikilizeni maneno. Mzazi atakuambia mtoto wake anasoma «kwa mapadri», nawe utaandika shule binafsi, wakati shule nyingi za makanisa zinaendeshwa chini ya mkataba wa 1977 na serikali, zinahesabiwa kuwa za umma, na elimu ya bure inazihusu. Andika jina la shule, kisha wewe mwenyewe uhakikishe hadhi yake. Na ukiuliza kama analipa minerval, yaani ada ya shule, atasema halipi. Ukitaja moja moja sare, madaftari, karatasi za mitihani na buletini (ripoti ya matokeo), ataanza kuhesabu kwa vidole, na kila kidole kinahitaji mstari wake kwenye fomu.