CV ya wakili anayetaka kazi ya kampuni

Nafasi ikitangazwa kwenye idara yetu ya sheria, mimi ni mmoja wa wanaoletewa maombi wayapitie. Wengi wanaoomba ni vijana hodari: wamesoma, wamepita Shule ya Sheria ya Tanzania, wameapishwa, wengine wamesimama Mahakama Kuu wakashinda kesi ngumu. Lakini CV zao wamemwandikia wakili mwenzao mwenye chemba, ilhali anayezisoma kwanza ni mtu wa rasilimali watu, kisha mkurugenzi wa fedha, na mwanasheria huja baadaye. Inaniuma kuona mtu anayefaa kabisa akiachwa kwenye mchujo wa mwanzo kwa sababu ya karatasi, ndiyo maana naandika haya.

Jiulize kwanza kampuni inamwajiri mwanasheria ili afanye nini. Kesi kubwa zikifika mahakamani, mara nyingi kampuni huweka wakili wa nje. Yule wa ndani anatakiwa kuhakikisha mkataba haukwami mezani, leseni haziishi muda bila mtu kujua, vikao vya bodi vinaitishwa kihalali, mfanyakazi haachishwi kazi kiholela, na taarifa za mwaka zinafika BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla faini hazijaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo kila mstari wa uzoefu wako umjibu msomaji swali moja: ni jambo gani lilikwenda vizuri kwa sababu wewe ulikuwepo?

Chukua mstari huu, ambao nimeukuta kwenye CV nyingi mno: “Kuandaa na kupitia mikataba mbalimbali ya kampuni.” Ukiusoma hujui ni mikataba gani, ni mingi kiasi gani, wala kama mwombaji aliipitia mwenyewe au alikuwa akimbebea bosi mafaili. Sasa uone ukiandikwa hivi: “Nilipitia mikataba ya wasambazaji wa mikoani na ya pango la maduka, wastani wa kumi na mitano kwa mwezi. Niliandaa kiolezo kimoja kwa Kiswahili na Kiingereza, na idara ya mauzo ikaanza kusainisha mikataba midogo ndani ya siku nne badala ya wiki tatu.” Aina ya kazi ipo, wingi wake upo, na kilichobadilika kipo. Mkurugenzi wa fedha hahitaji kuwa mwanasheria ili aelewe kwamba mtu huyu ataokoa muda wake.

Takwimu ziwe za kweli, maana kwenye usaili utaulizwa umezipataje. Kama hukuwahi kuhesabu, usibuni. Eleza uzito wa kazi kwa njia nyingine, kwa mfano kwamba mikataba hiyo ilikuwa ya kiwango kinachohitaji idhini ya bodi. Na mifano hii naitoa kwa Kiswahili ili tuelewane. Tangazo likiwa la Kiingereza, CV nayo iwe ya Kiingereza.

Waliotoka kwenye kesi huwa wanadhani hawana cha kuandika, na hapo wanajipunja. Aliyeendesha mashauri ya kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ameona kwa macho yake mahali waajiri wanapoanguka. Mara nyingi sababu ya kumwachisha mtu ilikuwepo, lakini barua ya mashtaka haikueleweka, au kikao cha nidhamu kilifanyika bila mhusika kupewa muda wa kujiandaa. Ujuzi huo kampuni inauhitaji mno. Basi usiishie kuandika “nimeendesha mashauri ya kazi CMA”. Andika kwamba umewatetea waajiri na wafanyakazi, unazijua Kanuni za Utendaji Bora katika ajira za mwaka 2007 kwa vitendo, na kwamba ulimsaidia mteja kurekebisha utaratibu wake wa nidhamu baada ya shauri. Huo mwisho ndio utakaokupeleka kwenye usaili.

Vivyo hivyo kwa aliyeshughulika na mikopo ya benki. Anayejua kwamba rehani ya mali za kampuni inapaswa kusajiliwa BRELA ndani ya siku 42, na aliyewahi kuifuatilia hadi cheti kikatoka, aseme hivyo waziwazi. Maneno kama “ujuzi wa sheria za makampuni” hayabebi uzito huo.

Taja pia mamlaka ulizowahi kushughulika nazo, ukiweka mbele zile zinazomhusu mwajiri unayemwandikia. Benki itatafuta Benki Kuu, kampuni ya simu itatafuta TCRA, ya mafuta au umeme EWURA, ya bima TIRA. Ndiyo maana CV moja haiwezi kutumwa kila mahali bila kuguswa. Na kama umewahi kuifanyia kazi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, usiifiche ukurasa wa pili. Kampuni nyingi zilijikuta zinapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuandika sera na kuwafundisha wafanyakazi, na waliowahi kuyafanya hayo bado si wengi. Hali ni hiyo hiyo kwa usajili wa wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, BRELA.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote: siri.

Tuliwahi kupokea CV iliyovutia sana kwa mtazamo wa kwanza. Mwombaji alitoka ofisi ya uwakili, na kwenye sehemu ya uzoefu aliwataja wateja kwa majina: nani ana mgogoro wa kodi na wa kiasi gani, nani yuko mbioni kuuza hisa zake na anamuuzia nani. Mauzo yenyewe yalikuwa hayajatangazwa popote. Mkurugenzi aliisoma, akauliza swali moja: “Huyu akiondoka kwetu, ataandika nini juu yetu?” Maombi yale yakaishia hapo, na sikuwa na la kumtetea.

Wakili anafungwa na wajibu wa kutunza siri za mteja hata baada ya kazi kwisha, na mwajiri akiisoma CV yako anakuwa ameshaanza kukupima kwa wajibu huo. Eleza kazi kwa sekta, aina na ukubwa: “Nilimshauri mteja wa sekta ya usafirishaji katika ununuzi wa hisa nyingi za kampuni ya maghala; nilisimamia ukaguzi wa nyaraka na maombi ya kibali kwa Tume ya Ushindani.” Anayefahamu kazi hiyo ataona uwezo wako wote humo, na hakuna mteja aliyeumizwa. Hata hapo uwe mwangalifu. Ukiandika “kiwanda pekee cha bidhaa fulani Kanda ya Ziwa” umeshamtaja mtu, hata kama jina hukuliandika. Hukumu iliyokwisha kutolewa na kuwekwa TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni ya umma, hiyo unaweza kuitaja kwa jina na mwaka. Ila usiambatanishe mkataba halisi wa mteja kama sampuli ya kazi yako, hata ukiufuta majina kwa wino mweusi. Ukitakiwa sampuli, andika mpya.

Kuhusu sifa za kitaaluma, mwanasheria wa kampuni anasomwa haraka: shahada, chuo, mwaka, Shule ya Sheria, mwaka, kuapishwa, mwaka na namba yako ya uwakili. Hali ya leseni iandike kama ilivyo. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uko wazi kwa yeyote, nasi huwa tunaingia kuangalia kabla ya kumwita mtu. Kama hujahuisha, sema hujahuisha. Wapo waajiri wasiohitaji leseni hai kwa nafasi hiyo, lakini hakuna atakayemchukua aliyejiita wakili kamili huku mfumo unasema vingine. Ambaye hajaapishwa ajitambulishe kama mwanasheria au afisa sheria, na aeleze yuko hatua gani. Nafasi za ngazi hiyo zipo, na anayejieleza kwa ukweli anaheshimika.

Kwa mhitimu ambaye hana kazi ya kuandika, mafunzo kwa vitendo ni kazi. Ulipokuwa wilayani au kwenye ofisi ya uwakili, ulifanya nini hasa? Kama ulipanga masjala ya mikataba ikajulikana ni ipi inaisha lini, basi hiyo ndiyo kazi yenyewe ya idara ya sheria, maana mkataba uliojihuisha bila mtu kujua huigharimu kampuni fedha nyingi. Mhitimu aliyeandika mstari kama huo nitamwita kabla ya yule aliyejaza ukurasa mzima kwa majina ya masomo aliyosoma chuoni.

Kiswahili chako pia ni ujuzi, usiishie kukiweka chini kabisa kwenye orodha ya lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na hata ndani ya kampuni notisi kwa wafanyakazi, sera na mikataba ya mawakala inasomwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili. Kama unaweza kuandika kifungu cha fidia kwa Kiswahili ambacho wakala wa Singida atakielewa bila kuuliza, kiseme kwenye uzoefu, pamoja na aina ya nyaraka ulizoandika.

Vingine navipitia haraka. Kurasa mbili zinatosha, tatu kwa aliyekaa kazini muda mrefu. Dini, kabila, hali ya ndoa na namba ya NIDA havina kazi humo; namba ya NIDA hasa usiisambaze. Wadhamini waombe ruhusa kabla ya kuweka simu zao, maana hizo nazo ni taarifa binafsi za watu, na mwanasheria anayezigawa bila kuuliza anajieleza vibaya. Maneno “mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma” yaondoe yote, uweke mahali pake mistari mitatu ya utangulizi: umefanya sheria ya namna gani, kwenye sekta zipi, na unaomba nafasi gani kwa jina lake kama lilivyo kwenye tangazo.

Ukimaliza, mpe mtu asiye mwanasheria aisome, mhasibu au mtu wa mauzo ukimpata. Akupe kwa maneno yake kazi tatu ulizowahi kufanya. Pale atakaposita, rudi ukapaandike upya. Kisha tuma faili moja la PDF lenye jina lako na jina la nafasi, barua ikiwa ukurasa wa kwanza, na vyeti vile tu ambavyo tangazo limeviomba.