Namba ya Prokalsitonini Haimtaji Bakteria

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Tanga, na kosa ninalolikumbuka zaidi ni la mikono yangu mwenyewe. Usiku mmoja aliletwa kibarua wa shamba la mkonge, mguu umevimba hadi gotini baada ya kuchomwa na mwiba, presha imeshuka, anahema harakaharaka na maneno yake hayashikiki. Nilimwekea dripu, nikampa antibayotiki ya seftriaksoni, kisha ndipo nikaziona mezani chupa za kuotesha damu, zile ambamo bakteria waliomo kwenye damu huachwa wakue ili maabara iwatambue, hazijafunguliwa. Damu nilikuja kuichukua dakika 40 baadaye, dawa ikiwa imeshaanza kuwazuia bakteria ambao chupa ingewaotesha. Siku ya tano maabara ikajibu kwamba hakuna kilichoota, na mpaka anaruhusiwa kurudi nyumbani hatukujua ni bakteria gani aliyemlaza.

Prokalsitonini yake, protini inayopimwa kwenye damu kama dalili ya maambukizi ya bakteria, ilikuwa juu sana, na mwenzangu mmoja kijana aliichukua namba ile kuwa ndiyo jibu. Haikuwa jibu. Kwa mtu mwenye afya protini hiyo huwa kidogo mno katika damu, chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita; bakteria wanapoenea, viungo vingi vya mwili huanza kuitengeneza, ikapanda ndani ya saa chache, na maambukizi yakidhibitiwa hushuka kwa karibu nusu kila siku. CRP, protini nyingine inayopimwa kwenye damu, ambayo hutengenezwa na ini na imejulikana tangu mwaka 1930, huchelewa zaidi kupanda na kushuka, na hupanda hata kwa uvimbe usiotokana na kijidudu chochote. Maabara huwagawa bakteria makundi mawili kwa rangi wanayoshika chini ya hadubini, gramu hasi na gramu chanya; ni kweli kwamba wa gramu hasi mara nyingi huipandisha prokalsitonini zaidi kuliko wale wa gramu chanya, lakini viwango vya makundi hayo mawili vinaingiliana kiasi kwamba mimi nisingethubutu kuchagua dawa kwa kigezo hicho. Anayemtaja mdudu kwa jina, na kusema dawa ipi inamuua, ni chupa ya kuotesha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wanaoanza kazi hii ni kuchukua damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, lakini bila kuichelewesha dawa. Mgonjwa ambaye presha imeanguka kwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoanza kuharibu kazi za viungo vya mwili, anapaswa kupata antibayotiki ndani ya saa moja, na mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya sepsisi wa mwaka 2021 unashauri prokalsitonini isitumike kuamua lini dawa ianze. Huku kwetu pwani kuna sababu nyingine ya tahadhari: malaria kali huipandisha namba hiyo hiyo, kama zinavyoipandisha ajali kubwa, majeraha ya moto na upasuaji mkubwa. Kipimo cha malaria kisisahauliwe kwa sababu tu namba imetisha.

Faida yake kubwa nimeiona wakati wa kusimamisha dawa. Namba moja peke yake hainiambii mengi, ila ikipimwa kila siku au kila baada ya siku mbili, ikashuka chini ya nanogramu 0.5 kwa mililita au kwa asilimia 80 kutoka kilele chake, na mgonjwa mwenyewe anaonyesha nafuu, daktari hupata ujasiri wa kukatisha dozi ambazo zamani tungezivuta hadi siku ya kumi na nne kwa mazoea. Pale ambapo kipimo hakipatikani, homa, presha, mkojo na akili ya mgonjwa havijawahi kuhitaji mashine.

Ndugu wa mgonjwa nao waelezwe. Bibi mmoja kutoka Pangani, aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake mwenye maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoingia kwenye damu, alinitazama nikijaza chupa ya pili, akauliza, "Mwanangu, damu yote hiyo mnaipeleka wapi?"

"Tunaiotesha, bibi, tumjue mdudu aliyemo."

"Haya, chukueni. Ila akijulikana, mje mniambie ni nani."

Siku ya pili maabara ikamtaja E. koli, bakteria anayeishi utumboni, nikatoka hadi kwenye benchi la nje kumwambia.