Mbu ana mizani ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetunga tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) ya wadudu, na kila kipande nimekihesabu kikatimia mizani 8, yaani silabi 8. Bado naambiwa ni guni, yaani lina kasoro za mizani au vina. Kosa liko wapi?

Mbu aingia chumbani, sikioni analia,
Nzi atulia mezani, wali atuchafulia,
Nzige wajaa shambani, mtama wautafuna,
Mchwa naye ukutani, nguzo atugugunia.

JIBU: Makosa ni matatu, mawili ya mizani na moja la kina (silabi ya mwisho inayofanana).

Tuanze na ukwapi, kipande cha kwanza, wa mshororo wa kwanza. Umeihesabu "mbu" kuwa mizani moja, kama ilivyo ndani ya "mbuzi". Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "mbuzi" unaipata "mbu", lakini "mbu" likiwa neno zima, mkazo hauna pa kukaa ila kwenye m, nayo inakuwa silabi kamili. Sasa hesabu: m-bu-a-i-ngi-a-chu-mba-ni. Ni 9. Nzi naye ni vivyo hivyo (wanaosema "inzi" hupata mbili zilezile): n-zi-a-tu-li-a-me-za-ni, 9 tena. Nzige amekuponya kwa sababu ni nzi-ge tu, n yake haina mkazo wa kubeba. Mchwa, m-chwa, umempatia.

Kwa inkisari, yaani kufupisha neno, andika "Mbu kapenya chumbani". Wa pili uwe "Nzi atua mezani". Vyote viwili vinarudi 8.

Kina kilichopotea ni cha "wautafuna". Kina ni silabi nzima, si irabu yake peke yake: hapo ni "na", ilhali wenzake watatu wanaishia kwa "a" iliyosimama yenyewe, a-na-li-a. "Mtama washambulia" inakaa sawa, mizani 8.

Vina vya kati ni sahihi, ila ni vya njia ya mkato: chumbani, mezani, shambani, ukutani, vyote vimeegemea "ni" ileile ya mahali. Arudhi, yaani kanuni za utunzi, haikatazi, lakini sikio la malenga huchoka haraka. Kwenye ubeti wa pili badilisha vina vya kati na ushikilie "a" ya mwisho hadi tamati, nalo shairi litakuwa ukara. Ukivishikilia vyote viwili ni mtiririko, na hapo utahitaji maneno mengi ya "ni" kuliko wadudu ulio nao.