Lugha tano ndani ya wilaya moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wilaya ya mashambani barani Ulaya inaweza kuwa na lugha zake za asili zaidi ya mbili. Inaweza. Nordfriesland, huko Ujerumani kwenye mpaka wa Denmark, ina tano: Kijerumani, Kijerumani cha Chini (cha nyanda za chini za kaskazini), Kifrisia cha Kaskazini, Kidenmarki, na lahaja ya Kidenmarki ya Jutland Kusini inayosikika vijiji vya mpakani. Wilaya yenyewe ni changa. Iliundwa 1970 kwa kuunganisha Husum, Eiderstedt na Südtondern.

Bahari ndiyo iliyozipanga lugha hizi. Wafrisia walihamia huko kwa mikupuo miwili, visiwani karibu karne ya 8 na bara karibu karne ya 11, na hadi leo Kifrisia cha Sylt, Föhr na Amrum hakielewani vizuri na cha bara. Kati yao kulikuwa na kisiwa kikubwa, Strand, chenye Kifrisia chake. Usiku wa 11 Oktoba 1634 dhoruba ilivunja matuta ya udongo yanayozuia maji, watu zaidi ya 6,000 wakafa, na kisiwa kikapasuka. Pellworm na Nordstrand ni mabaki yake. Sheria ya pwani hiyo ilikuwa kali: asiyeweza kutengeneza tuta lake hunyang'anywa ardhi. Walionusurika hawakuwa na nguvu hiyo, kwa hiyo Nordstrand ikakabidhiwa Waholanzi wenye mtaji. Kifrisia cha Strand kikafa. Wanaoandika historia ya mafuriko huhesabu watu na ng'ombe. Lugha hiyo nayo ilistahili kuhesabiwa.

Kidenmarki kina sababu nyingine. Schleswig, eneo ambalo wilaya hii ni sehemu yake, ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark hadi vita vya 1864. Kura za 1920, ambapo wakazi walichagua kati ya Denmark na Ujerumani, ziliusogeza mpaka: mji wa Tondern ukaenda Denmark, na eneo lililobaki kusini mwake likaitwa Südtondern. Wadenmarki waliobaki upande wa Ujerumani wana shule zao, na chama chao cha siasa hakibanwi na sharti la kupata asilimia 5 ya kura ili kuingia bungeni.

Wengi hukosea kwa kuchanganya wilaya hii na Ostfriesland, iliyo jimbo la Niedersachsen, ambako Kifrisia kiliachwa zamani na watu husema Kijerumani cha Chini. Kosa jingine ni kukiita Kifrisia lahaja ya Kijerumani. Ni lugha kamili, yenye undugu wa karibu zaidi na Kiingereza.

Wasemaji wa Kifrisia cha Kaskazini leo hukadiriwa kuwa chini ya 10,000. Sheria ya 2004 inaruhusu kitumike katika ofisi za serikali na kwenye vibao, lakini kibao hakimfundishi mtoto kusema. Kilipona zaidi magharibi mwa Föhr, kwa sababu huko bado ni lugha ya nyumbani. Anayetaka kukisikia ashuke treni Niebüll, apande nyingine hadi Dagebüll, avuke kwa feri hadi Wyk, mji wa Föhr. Asiishie mjini hapo. Aendelee hadi vijiji kama Oldsum.