Msaada ni bure, nauli je?

Mmeuliza wiki hii ni nini kinachozuia msaada wa kisheria wa bure usiwafikie wananchi. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, na jibu langu ni maji.

Mwaka jana alinijia mama mjane kutoka kisiwa kidogo cha wavuvi. Matanga yalipoanuliwa tu, shemeji zake walichukua mtumbwi, injini na nyavu, wakasema ni mali ya ukoo. Kumwelekeza hakukuchukua hata saa moja: atafute cheti cha kifo, familia ikae kikao na kuandika muhtasari, kisha afungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Sikumtoza hata senti.

Lakini hesabuni safari zake. Alivuka kuja kuniuliza. Akavuka kufuata cheti. Akavuka kufungua shauri, akavuka tena siku ya kusikilizwa. Shemeji hawakutokea, likaahirishwa. Kila kuvuka ni nauli, ni kulala Nansio ziwa likichafuka, ni siku nzima dagaa hazijaanikwa na watoto wako kwa jirani. Na hofu ya maji huku si ya kubezwa: kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, tulipoteza watu zaidi ya 200. Safari ya tano hakuja. Mtumbwi wa marehemu anauona kila asubuhi ukiingia mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na samaki wa watu wengine.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetutambua sisi wasaidizi, nami naishukuru. Ila haituruhusu kumwakilisha mtu mahakamani, na posho hatuna, kwa hiyo hata kumfuata kule kisiwani nilishindwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imefanya jambo jema la kuwafuata watu waliko. Lakini kampeni hukaa siku chache, mirathi huchukua miezi.

Mkoa wetu wa Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kupata mahakama inayotembea, mwaka 2019. Ile ni gari. Sisi wa visiwani tunaomba boti: hakimu, karani na msaidizi wa kisheria ndani yake, ipite mialoni hata mara moja kwa mwezi, kwa tarehe inayojulikana.