Nilimsomea Zaburi ya 91 kila usiku, bado akafa

Shikamoo Shangazi. Mume wangu aliugua miezi mitano. Kila usiku niliketi kando ya kitanda chake nikimsomea Zaburi ya 91, hasa mstari wa 10: "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Alifariki nikiwa nimeishika Biblia hiyohiyo. Huu ni mwezi wa nane tangu afariki. Siwezi kusali. Usiku naamka mara tatu, nne, nainama midomoni mwa watoto kusikiliza kama wanapumua. Kanisani wananiambia imani yangu ilipungua, na kwamba nikilia namhuzunisha Mungu. Je, aliniacha, au hakuwepo tangu mwanzo?
Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliiweka mezani kwa sababu mikono haikutulia.

Nianze na hao wa kanisani, maana wamenikera. Rafiki zake Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Hapo walifanya vyema. Balaa lilianza walipofungua midomo kumtafutia dhambi iliyomponza, na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawaangukia wao. Na kuhusu kulia: Yesu alilia penye msiba wa Lazaro, naye alijua anakwenda kumfufua. Atakayekuambia tena habari za upungufu wa imani, mwitikie "nimesikia" ujiendee zako.

Sasa tuje kwenye Zaburi yenyewe, maana ndipo lilipo donda. Zaburi hiyo uliyoisoma kwa machozi, Shetani naye aliisoma. Iko katika Mathayo sura ya 4: alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtajia maneno ya malaika watakaomchukua mikononi mwao, akamwambia jitupe chini. Yesu alikataa. Hakutaka kuigeuza ahadi ya Baba yake iwe hati ya madai. Na huyo huyo, ambaye kama kuna mtu aliyestahili kila mstari wa Zaburi ile ni yeye, alikufa msalabani akiwa bado kijana. Sikukemei, mwanangu. Wewe hukumjaribu Mungu, ulimwomba. Mke aliyeketi mahali ulipoketi angefanya nini kingine? Ninachosema ni kwamba mstari wa 10 haukuwahi kumaanisha kuwa aliye wa Mungu haugui wala hafi.

Teremka mistari mitano. "Ataniita nami nitamwitikia, nitakuwa pamoja naye taabuni." Taabuni. Neno hilo limo katika Zaburi hiyohiyo ya ulinzi, nasi huwa tunalipita mbio. Taabu ipo, mtu yumo ndani yake, na Mungu yumo humo pamoja naye. Kwa nini wengine huponywa na mumeo hakuponywa, sina jibu, na siku hizi silitafuti tena kwa wanaojidai wanalo.

Mimi nilizika mtoto, miaka mingi sasa. Wiki ya pili baada ya maziko alikuja jirani mmoja, mtu asiye na maneno mengi. Hakuniombea kwa sauti. Alikusanya shuka na nguo zilizokuwa zimerundikana, akaanza kufua. Alipofika kwenye foronya ya mtoto aliinusa, akanitazama, akaikunja vilevile bila kuifua, akaisukumiza chini ya mto wangu, kisha akaendelea na ndoo yake. Siku ile nilimwona jirani tu. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba ndani ya chumba kile sikuwa nimeachwa. Nawe siku moja, polepole, ipekue hii miezi minane uone nani alikuja na alifanya nini. Si lazima iwe leo.

Kusali, acha kujilazimisha. Fungua Zaburi ya 88. Inalia mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, haina hata kamstari ka shukrani ka kufungia, na bado imo ndani ya Biblia pamoja na zile za shangwe. Isome kwa sauti; hiyo ndiyo sala yako kwa sasa. Siku ukishindwa hata hiyo, nyamaza tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni usingizi. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena, ndipo akaanza safari. Kwa hiyo mwombe dada yako, au rafiki unayemwamini, aje alale kwako usiku kadhaa. Yeye ndiye awasikilize watoto wanavyopumua, wewe ulale chumba kingine na mlango ufungwe. Hofu ikizidi kukuamsha, nenda kwa daktari au mshauri nasaha umweleze kama ulivyonieleza mimi. Majonzi huuchosha mwili, na kutibiwa si kumkana Mungu.

Ukifanikiwa kulala usiku mmoja mzima, niandikie. Hata mstari mmoja unatosha.